Kilomita tatu chini ya Olkaria, nani anajua keekee iko wapi?

Fungua ile programu ya dira kwenye simu yako, ile ambayo wengi wetu hatujawahi kuigusa tangu tununue simu. Laza simu mezani usome kaskazini iko wapi. Sasa isongeze karibu na spika ya redio. Ukiona sindano imeruka na kuanza kudanganya, umeonja kidogo shida ambayo wachimbaji wa visima vya mvuke kule Olkaria wanapambana nayo kazini. Tofauti ni kwamba wao hiyo dira yao iko kilomita mbili au tatu chini ya ardhi, imezungukwa na chuma, kwenye mwamba wenye joto la kuiva nyama.

Ndani ya simu kuna vihisi viwili vidogo sana. Cha kwanza kinaitwa akselerometa. Kinahisi dunia inavuta upande gani, na ndicho kinachogeuza video ukilaza simu. Cha pili ni magnetometa, ambacho kinahisi sumaku ya dunia, na ndicho kinachozungusha kale kamshale kwenye ramani ukiwa umepotea Eastleigh. Chukua vihisi vya aina hiyo, vitengeneze viwe sahihi zaidi na vivumilie kugongwagongwa, vifungie ndani ya bomba nene, kisha uvishushe shimoni vikae nyuma ya keekee. Hayo ndiyo macho ya mchimbaji. Hakuna kamera inayoona mbele. GPS nayo sahau, mawimbi ya setilaiti hayapenyi mwamba.

Kwa nini mtu wa Nairobi ajali? Kwa sababu karibu nusu ya stima ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, na sehemu kubwa ya huo mvuke hutoka Olkaria, pale karibu na Naivasha. Kisima kimoja kinagharimu mamia ya mamilioni ya shilingi. Kikikosa ufa wenye mvuke, pesa zimeingia shimoni, na hapo simaanishi methali.

Visima vya kwanza vya Olkaria vilichimbwa kwenda chini wima, kama mtu anavyotarajia kisima kiwe. Shida ni jiolojia ya Bonde la Ufa. Nyufa nyingi zinazopitisha mvuke kule zimesimama karibu wima. Fikiria mkate uliokatwa, slesi zimesimama. Ukidunga kijiti kutoka juu moja kwa moja, unaweza kupita ndani ya slesi moja mpaka chini bila kugusa nafasi hata moja kati ya slesi. Ukikidunga kwa mshazari, unavuka nafasi kadhaa. Ndiyo maana siku hizi visima vingi vya Olkaria vinapindwa makusudi. Vinaanza wima, halafu baada ya mita mia kadhaa, mara nyingi karibu mita 400, vinaanza kuinama polepole mpaka vifike mwinamo wa digrii 20 hivi, kisha vinaendelea na mwinamo huo hadi chini. Piga hesabu: mita 2,500 kwa digrii 20 inakupeleka zaidi ya mita 800 kando. Yaani mdomo wa kisima uko hapa, na mwisho wake uko karibu kilomita moja kutoka hapo, chini ya kilima ambacho hujakanyaga.

Kuna sababu nyingine. Eneo hilo linapakana na kuingiliana na mbuga ya Hell's Gate. Ukiweza kuchimba visima vitatu au vinne kutoka uwanja mmoja, kila kimoja kikielekea upande wake, hulazimiki kukata barabara nne na kufyeka viwanja vinne katikati ya pundamilia. Kwa hivyo juu utaona vichwa vya visima vimepangana kama matatu stejini, vyenye namba moja na herufi tofauti, A, B, C. Chini huko kila mmoja na njia zake.

Sasa, unajuaje njia?

Anza na mwinamo, maana huo ndio rahisi. Kifaa kina akselerometa tatu, zimepangwa kama kona ya chumba: moja imefuata urefu wa shimo, mbili zinatazama kando. Kifaa kikisimama wima kabisa, ile ya kwanza inapata mvutano wote wa dunia, tuseme 1, na zile mbili zinapata sufuri. Kikilala chali, ya kwanza inapata sufuri. Kikiinama digrii 20, ya kwanza inasoma kama 0.94, na zile za kando zikijumlishwa kwa kanuni ya Pythagoras zinasoma 0.34. Hiyo ni saini na kosaini, zilezile ulizoapa ukiwa sekondari kwamba hutawahi kuzitumia maishani. Mimi niliacha chuo na bado zimenifuata.

Kitu ninachokipenda hapa ni kwamba kipimo kinajikagua chenyewe. Ukichukua namba zote tatu ukazijumlisha kwa Pythagoras, lazima upate 1, kwa sababu dunia haipunguzi mvutano eti kwa kuwa umeinama. Ukipata 0.97, usiamini kitu. Kihisi kimeharibika, au bomba lilikuwa likitikisika wakati wa kupima. Ndiyo maana kabla ya kipimo kuchukuliwa, mtambo husimamishwa usizunguke.

Mwelekeo ndio unaoleta kizaazaa. Magnetometa tatu zinapima sumaku ya dunia kwa mpangilio uleule, halafu zinaunganishwa na zile za mvutano ili kujua shimo linaelekea kaskazini, mashariki au wapi. Lakini shimo limejaa chuma. Nyuma ya kifaa kuna mabomba mazito, mbele kuna keekee, na vyote vina usumaku wao. Ni ile spika yako ya redio tena, ila hii huwezi kuisogeza mbali. Kwa hivyo kifaa hufungwa katikati ya mabomba maalum yaliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika sumaku, marefu vya kutosha ili chuma cha kawaida kikae mbali juu na chini. Ni mabomba ghali, na huwezi kuweka ya kawaida ukasema itakuwa fiti tu.

Jirani naye ni tatizo. Kumbuka vile visima vilivyopangana kama matatu. Kila kimoja kimevikwa bomba la chuma upande wa juu. Ukianza kuchimba cha nne mita chache kutoka cha tatu, magnetometa inahisi chuma cha jirani badala ya dunia, na hapo ndipo hatari ya kumgonga jirani ilipo. Kwenye hali kama hiyo hutumika jairoskopu, ambayo haijali sumaku kabisa. Inahisi mzunguko wenyewe. Zilizo bora zaidi zinaweza kuhisi hata dunia ikijizungusha kwenye mhimili wake na kutokana na hapo zikakwambia kaskazini halisi ni wapi. Nilisoma hayo mara mbili kabla ya kuamini.

Halafu kuna jambo moja ambalo Kenya tumebarikiwa bila kuomba. Sumaku ya dunia haijalala sawa kila mahali. Alaska, ambako Wamarekani wanachimba mafuta, mistari yake karibu isimame wima kuingia ardhini, na sehemu inayobaki ya kukuonyesha kaskazini ni ndogo mno, kwa hivyo usumaku kidogo tu wa bomba unapotosha jibu lote. Hapa karibu na Ikweta mistari hiyo imelala kwa kiasi kikubwa, na sehemu ya kuonyesha kaskazini ni kubwa. Chuma kilekile kinachomvuruga mchimbaji wa Alaska kinamsumbua wa Naivasha kidogo zaidi tu ya mbu. Pia tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani huku kwetu ni ndogo. Kuna sehemu za dunia ambapo ukisahau kusahihisha tofauti hiyo, umekosea zaidi ya digrii 15 kabla hata hujaanza.

Sasa sikiza vizuri, maana hapa ndipo watu wengi huelewa vibaya. Kifaa hakipimi mahali shimo lilipo. Kinapima pembe mbili tu, mwinamo na mwelekeo, pale kilipo wakati huo. Mahali penyewe panakokotolewa. Unapima kila baada ya mita 30 hivi, unachukua pembe za hapa na za kipimo kilichotangulia, unajua urefu wa bomba ulioteremsha, halafu unachora kipande cha njia kinachounganisha vipimo hivyo viwili. Kisha kipande kingine. Na kingine.

Ni kama ufungwe kitambaa machoni pale Kencom, uambiwe utembee mpaka Railways, na kila baada ya hatua 30 mtu anakuuliza umeangalia wapi, anaandika. Yeye amekaa ofisini na karatasi. Hakuoni. Kila jibu lako likiwa na kosa dogo la upande uleule, makosa hayo hayafutani, yanajumlishana. Karatasi itasema umefika Railways na wewe uko Muthurwa unauziwa viazi. Kwenye kisima kilichokwenda mita 800 kando, kosa la digrii moja la mwelekeo, likidumu njia nzima, linakuweka karibu mita 14 nje ya lengo. Digrii moja, msee. Ni kama mshale wa dakika wa saa ukisogea kwa sekunde kumi.

Mita 14 kwa ufa wa mvuke pengine utasema sawa, tutapoteza hela. Mwaka wa 2010, kule Chile, hesabu hiyohiyo ilikuwa inatafuta watu.

Tarehe 5 Agosti mwaka huo mgodi wa San José, karibu na mji wa Copiapó katika jangwa la Atacama, uliporomoka. Wachimba migodi 33 walifungiwa karibu mita 700 chini. Hakuna aliyejua kama wako hai. Njia pekee ya kujua ilikuwa kuchimba matundu membamba kutoka juu na kuomba moja litoboe mahali walipo, ama kwenye chumba cha dharura, ama kwenye njia za mgodi zenye upana wa mita chache tu. Chukua kalkuleta: kwa kina cha mita 700, kukosea digrii moja ni mita 12. Digrii tano ni zaidi ya mita 60. Na mwamba wa pale ni mgumu, unasukuma keekee kando jinsi unavyotaka wenyewe. Ramani za mgodi nazo hazikuwa za kuaminika, kwa hivyo hata lengo lenyewe lilikuwa na wasiwasi. Tundu la kwanza halikupata kitu. Mengine pia yakapita patupu, huku familia zimepiga kambi hapo juu jangwani zikisubiri.

Walichofanya ni kuacha pupa. Vipimo vya jairoskopu vilishushwa shimoni kuona tundu limepinda kiasi gani na kuelekea wapi, na hesabu ikafanywa upya. Mchimbaji hakuweza kuuzuia mwamba usipinde njia, lakini akijua unapinda hivi, anaweza kuanzia mahali tofauti ili upindaji wenyewe umfikishe. Tarehe 22 Agosti, siku ya 17, keekee ilitoboa. Waliokuwa juu walisikia bomba likigongwa kutoka chini. Walipolivuta, lilikuwa limefungwa karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwamba wako salama, wote 33.

Baadaye tundu jembamba mojawapo lilipanuliwa hatua kwa hatua mpaka likatosha kupitisha kapsuli ya mtu mmoja, na tarehe 13 Oktoba walipandishwa mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Dunia nzima ilitazama kapsuli. Hakuna aliyetazama wale watu wenye waya na namba za pembe, na mimi naona hao ndio walioipata ile njia.

Watu hawakuanza na vihisi, hata hivyo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mbinu ilikuwa kushusha chupa ya kioo yenye tindikali kali ya kula kioo. Unaiacha shimoni itulie. Tindikali inabaki usawa kama chai kwenye kikombe kilichoinamishwa, na inachora mstari kwenye kioo. Ukiivuta juu, mteremko wa mstari unakwambia shimo limeinama kiasi gani. Upande gani? Chupa haikuwa na jibu. Baadaye wakashusha dira na kamera ndogo pamoja, ikapiga picha moja ya sindano, wakavuta na kusafisha filamu. Kipimo kimoja, safari moja nzima ya waya.

Vipimo hivyo vilifichua mengi. Miaka ya 1920 kule Seminole, Oklahoma, visima vya mafuta ambavyo kila mtu aliamini viko wima vilipopimwa vikapatikana vimepinda vibaya. Mwaka wa 1962 mashariki mwa Texas ikawa balaa zaidi. Mamia ya visima yaligunduliwa yameinamishwa makusudi, mdomo uko kwenye shamba langu, mwisho uko kwenye mafuta ya jirani. Mkaguzi hakuhitaji shahidi. Alishusha kifaa, akasoma pembe.

Rudi Olkaria, kwa sababu kuna ugumu wa huko ambao watu wa mafuta hawakutani nao sana. Wenzao wa mafuta hupata vipimo huku wakichimba. Kifaa kilicho chini hubana na kuachilia mkondo wa tope linalosukumwa ndani ya mabomba, na kila mbano unapandisha presha kidogo inayosafiri mpaka juu, ambapo kompyuta inasoma mapigo hayo kama sufuri na moja. Kasi yake ni biti chache kwa sekunde. Bando yako ya shilingi 20 ikiwa imebanwa na bado unalalamika, kumbuka hao jamaa.

Lakini mapigo yanataka tope zito lisilo na hewa. Olkaria mwamba una nyufa, tope linapotea, na mara nyingi wachimbaji hutumia maji yaliyochanganywa na hewa na povu. Povu linameza mapigo. Ni kama kupiga kelele ukiwa umefunikwa mto. Hapo inabidi kurudia njia ya zamani kwa vifaa vipya: simamisha uchimbaji, shusha kifaa kwa waya ndani ya bomba, pima, vuta, soma. Muda unakwenda, na mtambo unalipiwa kwa siku.

Joto nalo. Mwamba wa Olkaria kwenye kina unaweza kupita digrii 300 za selsiasi, ilhali elektroniki za kawaida za shimoni zinaanza kufa kwenye 150 au 175. Kinachoziokoa ni maji baridi yanayosukumwa bila kukoma, pamoja na ganda lililojengwa kama thamosi yako ya chai, kuta mbili na ombwe katikati. Thamosi haizuii joto milele. Inakununulia saa chache tu, na usipotoka kwa wakati umepika kifaa.

Wakenya wameijua kazi hii vizuri kiasi kwamba KenGen imekwenda kuchimba visima vya mvuke Ethiopia na Djibouti. Kwa hivyo ukiona kijana amesomea jiofizikia au upimaji na watu wanamcheka eti atafanya kazi wapi, mwache. Kuna kiti kwenye kontena kule Naivasha mbele ya skrini ya namba za pembe, na anayekaa hapo akisema simama, mtambo wote unasimama.

Sasa tuje mtaani, kwenye kile kisima cha ploti. Estate nyingi za Nairobi zinaishi kwa maji ya visima vya mashine, na hivyo vinatakiwa viende wima, mita 200 au 300 chini. Vinapinda pia. Digrii moja kwa mita 250 ni zaidi ya mita nne kando, na hilo pekee si kilio. Kilio ni shimo likijipinda kama nyoka. Pampu iliyozama inasugua ukuta wa bomba, waya wa stima unachubuka, na siku ya kuivuta kwa matengenezo imekwama. Wapangaji wanaambiwa pampu ni mbovu, mchango ni elfu mbili kila nyumba, na mtu haulizi pampu mbovu ya tatu ndani ya miaka miwili inatoka wapi.

Kupima kisima cha maji hakuhitaji jairoskopu. Fundi hushusha bomba lililonyooka, urefu wa mita 12 hivi, jembamba kidogo kuliko kisima, kabla ya kukabidhi kazi. Likipita mpaka kina cha pampu bila kukwama, poa. Likikwama mita 90, basi kuna kona mita 90, na hiyo kona iko pale kabla wewe hujalipa.

Mchimbaji huwa na ripoti ya kisima alichokamilisha. Mwenye ploti au kamati ya estate ndio wanapaswa kuwa nayo. Iitishe uone: kina kitakuwepo, kiwango cha maji kitakuwepo, lita kwa saa zitakuwepo. Tafuta kama kuna mstari wowote unaosema kisima kimenyooka na kilipimwa vipi. Usipouona, mpigie mchimbaji umuulize lile bomba la mita 12 aliliteremsha lini na likafika wapi.